Barua ya wazi kwa viongozi wenye dhamana ya mazingira: Hewa ya Mwanza ipate wa kuulizwa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza. Mkurugenzi Mkuu wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Waheshimiwa Mameya na Wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela.

Waheshimiwa viongozi,

Ninawaandikia kuomba jambo moja, nami nalitaja mapema ili yote yatakayofuata yapimwe kwa hilo. Naomba Mwanza ianzishiwe programu ya serikali ya kusimamia ubora wa hewa, itakayolihusisha Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela kwa pamoja, na programu hiyo ipewe kiongozi mmoja anayejulikana kwa jina na kwa ofisi, mwenye mamlaka ya kuziita taasisi zote zinazohusika na kuzidai taarifa, mwenye fungu lake katika bajeti, na mwenye wajibu wa kuwatangazia wakazi kila siku ubora wa hewa wanayoivuta. Nimefanya kazi ya afya ya mazingira katika kata za mji huu hadi nilipostaafu, na ninayoyasema hapa nayasema nikiwaheshimu wote walio ofisini sasa, kwa kuwa najua kazi hiyo inavyofanyika kwa gari moja, wino wa kuazima na malalamiko yasiyokwisha.

Kwa upande wa sheria hatuna upungufu mkubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa katika mazingira safi, salama na yenye afya, na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007 ziliweka ukomo wa uchafuzi unaoruhusiwa. NEMC ina ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza, na halmashauri zetu zina maafisa mazingira na maafisa afya hadi ngazi ya kata. Lakini tazameni jinsi moshi unavyogawanywa. Ukitoka kwenye jaa la taka, ni wa halmashauri. Ukitoka kwenye bomba la kiwanda, ni wa NEMC, na ukiwadhuru wafanyakazi ndani ya uzio unakuwa wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Ukitoka kwenye ekzosi ya daladala, ni wa askari wa usalama barabarani na wa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu. Vumbi la barabara kuu ni la wakala wa barabara TANROADS, na vumbi la barabara ya mtaa ni la wakala wa barabara za vijijini na mijini TARURA. Mkaa unapokuwa msituni na njiani ni wa Wakala wa Huduma za Misitu, na unapofika jikoni hauna msimamizi. Mapafu ya mkazi wa Igogo hupokea vyote hivyo kwa pamoja, ilhali hakuna ofisi hata moja inayopaswa kuvijumlisha.

Wakati fulani nilifuatana na wazazi wa shule moja ya msingi kulalamikia taka zilizokuwa zikichomwa kila siku karibu na madarasa. Ofisi ya kwanza ilituelekeza kwa ya pili, ofisi ya pili ikasema haina kifaa cha kupimia na hivyo haiwezi kuthibitisha kwamba kiwango kimezidi, na ofisi ya tatu ikataka kwanza barua kutoka kwa ile ya kwanza. Watumishi wote walitupokea kwa adabu na hakuna aliyetudanganya. Kila mmoja alitueleza kwa usahihi kabisa mahali madaraka yake yanapoishia. Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba tatizo letu halitatibiwa kwa kuwahimiza watumishi wachape kazi, wala kwa kuongeza kanuni nyingine juu ya zilizopo, kabla ya kumpata mtu ambaye madaraka yake yanaanzia pale ya wengine yanapokoma.

Naomba sasa nieleze kwa nini programu hii iongozwe kutoka Mwanza, na isiwe waraka ulioandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam ukabadilishwa jina la mji. Pwani huishi kwa pepo za msimu, kusi na kaskazi, ambazo huvuma kwa miezi. Sisi tunaishi kwa upepo unaogeuka ndani ya siku moja. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Usiku nchi kavu hupoa kwanza na upepo hutoka kwetu kwenda ziwani. Wavuvi wanaotumia tanga huujua mwenendo huu tangu utotoni. Kati ya pepo hizo mbili zipo saa za utulivu, jioni jua likishazama na alfajiri kabla halijapanda, ambapo hewa baridi hutelemka kutoka kwenye vilima na kulala mabondeni, na hewa yenye joto zaidi hukaa juu yake na kuuzuia moshi usipande. Saa hizo ndizo mkaa unapowashwa kwenye kila baraza, mama lishe wanapobandika masufuria, daladala zinapobanana Buzuruga na Igoma, na takataka zilizofagiwa mchana zinapotiwa kiberiti. Mtu akisimama juu ya miamba ya Mabatini saa moja usiku wakati wa kiangazi, huuona utando wa kijivu umetanda bondeni juu ya mapaa, na walio chini yake wakati huo wanakula chakula cha jioni na watoto wao.

Elimu hiyo ya upepo ina matumizi ya moja kwa moja katika utawala. Moto uleule wa taka unaowashwa saa sita mchana na ule unaowashwa saa kumi na mbili jioni haudhuru kwa kiasi kimoja, kwa sababu wa kwanza hutawanywa na upepo wa ziwani na wa pili hukwama. Bajeti ikiwa ndogo, kiongozi anayezijua saa za mji wake anaweza kuanza na sheria ndogo inayozilinda saa za jioni na alfajiri peke yake, akapata nafuu inayopimika, huku uzoaji wa taka ukiendelea kuimarishwa. Kiongozi asiyezijua atakataza kila kitu kwa mkupuo mmoja, kisha hatatekeleza chochote.

Kuna jambo la pili linalotutofautisha, nalo ni ziwa lenyewe. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na iliyobaki ndiyo huletwa na mito. Maana yake ni kwamba chochote tunachokipandisha angani, kama vumbi la barabara na mashamba, majivu ya nyika zilizochomwa au moshi wa kuni, hurudishwa na mvua au hushuka chenyewe juu ya maji yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000. Watafiti waliopima virutubisho vinavyoingia ziwani, wakiwemo waliofanya kazi hiyo upande wetu wa Tanzania, wamekuta kwamba sehemu kubwa ya fosforasi hutoka angani. Fosforasi na naitrojeni hulisha mwani. Mwani ukizidi, maji hugeuka kijani, na unapokufa na kuoza humaliza oksijeni ambayo sangara na sato wanaihitaji. Maji hayo hayo ndiyo yanayovutwa na kusafishwa kwa ajili ya mabomba yetu, na mwani huongeza ugumu na gharama ya kuyasafisha. Kwa miaka mingi tumelilinda ziwa kwa kuangalia mito, mifereji na vyoo, jambo ambalo ni sahihi na linapaswa kuendelea, lakini mlango wa juu tumeuacha wazi. Programu ya hewa ya Mwanza itakuwa pia programu ya ziwa, na ningependa kiongozi wake awe na kiti katika shughuli za Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu, kwa sababu hewa haikaguliwi kwenye mipaka ya Sirari wala Mutukula.

Kuhusu madhara kwa afya sitasema mengi, kwa kuwa naamini waheshimiwa mnayafahamu. Chembe zinazotisha zaidi ni chembe laini, yaani zile zenye kipenyo cha maikromita 2.5 au pungufu, ndogo kuliko unene wa unywele kwa karibu mara thelathini, ambazo hupita puani bila kuzuiwa, hufika kwenye vifuko vya mapafu na baadhi huingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilipunguza mwaka 2021 kiwango linachokipendekeza kwa chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa ndani ya nyumba kwa pamoja, huchangia vifo vya watu wapatao milioni 7 duniani kila mwaka. Moshi wa jikoni peke yake karibu huongeza mara mbili hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia. Katika wodi za watoto za kanda hii nimonia inajulikana vizuri kuliko chanzo chake, na daktari anayeandika ugonjwa kwenye faili hana mahali pa kuandika jiko.

Nirudi kwenye kazi ya kuongoza, kwa sababu hapo ndipo ombi langu lilipo. Kazi ya kwanza ya kiongozi huyu ni kupima na kutangaza. Kila jioni Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia mvua na upepo wa kesho, na wavuvi huamua kwa taarifa hiyo kama wataingia majini. Wakazi wa Mwanza hawatangaziwi na serikali yao kila siku kiasi cha chembe laini wanachokivuta. Mitambo ya kupimia yenye usahihi wa kisheria huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola na huhitaji fundi, umeme wa uhakika na chumba chenye ubaridi, hivyo hatuwezi kuitapanya kila kata. Vipo vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyozihesabu chembe kwa mwanga, navyo vinaweza kusambazwa kwa wingi, ila vina tabia ambayo mnunuzi wa pembezoni mwa ziwa lazima aijue: unyevu mwingi huzifanya chembe zivimbe, na kifaa husoma uchafuzi mkubwa kuliko uliopo. Asubuhi yenye ukungu Kirumba inaweza kusomeka kama asubuhi ya moshi. Njia ya kufaa ni kuwa na mtambo mmoja au miwili ya uhakika, kuviweka vifaa vidogo pembeni yake kwa muda ili visahihishwe, kisha kuvipeleka Nyakato, Igogo, Kitangiri, Buhongwa, Nyegezi na kwingineko. Ningependa kituo kimoja kiwe mahali ambapo tayari vipimo vya upepo, joto na unyevu vinachukuliwa, kwa maana kipimo cha hewa kisichokuwa na kipimo cha upepo hakisemi moshi umetoka wapi.

Haya hayako mbali nasi. Ng'ambo ya ziwa hili hili, katika Chuo Kikuu cha Makerere, mradi wa AirQo ulianza mwaka 2015 kutengeneza vifaa vya kupimia hewa vinavyohimili vumbi, joto na umeme unaokatika, na vingine vikafungwa hata kwenye bodaboda ili vipime barabara nzima. Kampala ina vilima, mkaa, barabara za vumbi na pikipiki nyingi kama sisi. Mafundi wetu wanaweza kwenda kujifunza huko na kurudi kwa gharama ndogo. Lipo na somo jingine katika historia hiyo: kwa miaka kadhaa miji mingi ya Afrika ilitegemea mitambo iliyowekwa kwenye balozi za Marekani, na Machi 2025 serikali ya nchi hiyo ilipositisha utangazaji wa vipimo vyake, wananchi wa miji hiyo walipoteza taarifa ambayo serikali zao hazikuwa zimejiandaa kuitoa. Kwa sababu hiyo ninasisitiza fungu katika bajeti yetu wenyewe, hata likiwa dogo, kabla ya kumsubiri mfadhili.

Vipimo vitaonyesha hewa ikoje. Havitasema nani anaichafua. Kazi ya pili, ambayo katika programu nyingi hurukwa au hufanywa kwa kukisia, ni kuandaa orodha ya vyanzo vya uchafuzi, mtaa kwa mtaa. India ilizindua programu yake ya taifa ya hewa safi mwaka 2019, ikatenga fedha nyingi kwa miji zaidi ya mia moja, na baadaye tathmini huru ikaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya fedha zilizotumika ziliishia kwenye vumbi la barabarani, wakati viwanda, magari na uchomaji wa kuni na taka vilipata sehemu ndogo sana. Vumbi linaonekana, na gari la maji linapopita mtaani kila mtu huona kazi imefanyika. Mwanza, kukiwa na ujenzi wa reli, barabara na majengo kila upande, kishawishi cha kuanza na kuishia kwenye vumbi kitakuwa kikubwa. Vumbi linadhuru, sikatai, na mkandarasi anayelundika kifusi bila kukimwagilia anapaswa kuwajibika. Lakini chembe ndogo kabisa, zile zinazofika kwenye damu, kwa kiasi kikubwa hutokana na kitu kinachoungua.

Na vitu vinavyoungua Mwanza vinajulikana na maafisa afya wote wa kata. Upo mkaa na kuni za majumbani, za mama lishe na za shule. Zipo taka zinazochomwa uani na mitaroni pale gari la taka lisipofika, na moto unaofuka ndani ya dampo kwa muda mrefu bila kuzimika. Yapo matanuri ya matofali pembezoni mwa mji. Wapo wanaochoma matairi juu ya mwamba ili upasuke na wapate kokoto, moshi ambao kwa maoni yangu ni miongoni mwa mbaya kuliko yote na unaopaswa kushughulikiwa kwanza, kwa sababu wanaoufanya ni wachache, maeneo yao yanafahamika, na mbadala wa kupasulia mawe upo. Zipo jenereta na malori ya dizeli. Tangu Januari 2015 Afrika Mashariki ilipokubali dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, mafuta yenyewe ni safi zaidi kuliko zamani, hivyo moshi mweusi tunaouona leo unatokana zaidi na injini zisizofanyiwa matengenezo, nao unaweza kupimwa kwa kifaa cha mkononi kituoni.

Halafu kuna wanaobanika samaki, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Katika mialo yetu, yaani sehemu za ufukweni samaki wanaposhushwa, wanawake wengi hujipatia riziki kwa kubanika sangara na samaki wengine juu ya matanuri ya udongo au mapipa, wakiwa wameinama ndani ya moshi kwa saa nyingi, mara nyingi na mtoto mgongoni. Programu ya hewa ikiletwa kwao kama operesheni, mgambo wakavunja matanuri na kumwaga samaki, tutakuwa tumewaadhibu watu ambao ndio wa kwanza kuumizwa na moshi huo, na kesho yake watabanika usiku mahali pa kificho ambapo hakuna afisa atakayewafikia. Matanuri yaliyoboreshwa yanajulikana kwa miaka mingi: tanuri la Chorkor lililobuniwa Ghana, na lile la FTT-Thiaroye ambalo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilishiriki kulibuni kwa kushirikiana na chuo cha uvuvi cha Senegal, hutumia kuni chache, humpunguzia mbanikaji moshi na hutoa samaki bora zaidi. Halmashauri zetu zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Kiongozi wa programu akikaa na afisa maendeleo ya jamii, afisa uvuvi na uongozi wa mwalo, mkopo huo unaweza kujenga matanuri ya kikundi, na hewa ya mwaloni ikabadilika pasipo faini hata moja.

Waingereza walipitia njia kama hiyo. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano na kuua maelfu ya watu, na Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 iliyofuata ilipotenga maeneo yasiyoruhusiwa moshi, iliweka pia utaratibu wa kuwachangia wenye nyumba gharama za kubadili majiko yao ya kuotea moto. Sisi tuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Nauunga mkono kwa moyo wangu wote. Lakini mtungi wa gesi unaogawiwa kwenye mkutano wa hadhara ukiisha, nao ukabaki pembeni ya jiko la mkaa kwa kukosa fedha za kuujaza, hewa ya mtaa ule haijabadilika, na bila vipimo hakuna atakayejua. Mkakati huo unahitaji mtu Mwanza wa kuupima kwa hewa iliyosafishika, kuliko kuuhesabu kwa mitungi iliyogawiwa.

Kiongozi wa namna gani basi? Afrika Kusini, kwa sheria yake ya ubora wa hewa ya mwaka 2004, iliagiza kila manispaa imteue afisa wa ubora wa hewa, na juu yake wapo wa jimbo na wa taifa. Ni mpangilio mzuri ambao tunaweza kuuiga, ila tuuige pamoja na fundisho lake: eneo la Highveld lenye migodi ya makaa ya mawe lilitangazwa kuwa la kipaumbele mwaka 2007, likaandikiwa mpango, na bado Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ilitamka kwamba hewa yake inakiuka haki ya kikatiba ya wakazi. Maafisa walikuwapo na mpango ulikuwapo. Uwezo wa kuwalazimisha wachafuzi wakubwa haukuwa sawa na uzito wa mpango. Beijing ilifanya vinginevyo. Mwaka 2013 wastani wake wa chembe laini ulikuwa karibu mikrogramu 90, serikali ikaweka lengo la takribani 60 ifikapo 2017, wakuu wa maeneo wakajua kwamba watapimwa kwa tarakimu hiyo, na mwaka ulipofika walikuwa kwenye 58. Utawala wetu ni tofauti na wao na njia zao nyingine hazitufai, lakini lengo lenye tarakimu, tarehe na mtu wa kulijibia ni jambo ambalo nchi yoyote inaweza kulifanya.

Kwa hiyo kiongozi huyu asiwe afisa wa chini aliyeongezewa jukumu la sita juu ya matano aliyonayo. Awekwe mahali ambapo barua yake kwa meneja wa TARURA, kwa kamanda wa usalama barabarani, kwa mganga mkuu na kwa mwenye kiwanda itajibiwa, na kwa maoni yangu mahali hapo ni ofisi ya Mkuu wa Mkoa, akifanya kazi bega kwa bega na NEMC kanda, kwa sababu Jiji na Ilemela ni halmashauri mbili tangu mwaka 2012 na hakuna mojawapo inayoweza kuiamuru nyingine, ilhali moshi wa Kirumba na wa Mirongo ni mmoja. Awe mtu anayeelewa vipimo kiasi cha kutodanganywa navyo, lakini zaidi awe mtu wa kukaa na watu: na wenyeviti wa mitaa, wamiliki wa viwanda vya samaki, madereva, wauza mkaa na mafundi matofali. Awe na ulinzi wa kutangaza kipimo kibaya siku ambayo hakimpendezi mtu, ikiwa ni pamoja na siku ya ugeni mkubwa. Na kila mwaka asimame mbele ya mabaraza ya madiwani, milango ikiwa wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, aeleze tarakimu za mwaka uliopita, za mwaka huu, na sababu.

Gharama ya kuanza si ya kutisha. Mshahara wa mtu mmoja na wasaidizi wachache wanaoweza kuazimwa kutoka idara zilizopo, mtambo mmoja wa uhakika, vifaa vidogo kwa kata zenye hali mbaya zaidi, mafunzo, na ushirikiano na vyuo vyetu kikiwemo Chuo Kikuu cha Katoliki cha Sayansi za Afya na Tiba pale Bugando, ambacho wanafunzi wake wanaweza kuoanisha vipimo vya hewa na rekodi za wagonjwa. Faini zinazotozwa kwa uchafuzi zingeweza kurudishwa kwenye matengenezo ya vifaa hivyo. Kinachoua miradi ya vipimo ni vipuri na betri zisizonunuliwa mwaka wa tatu, na hilo liandikwe kwenye bajeti tangu mwaka wa kwanza.

Waheshimiwa, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na halmashauri huandaa makadirio yake miezi mingi kabla ya Bunge la bajeti kuanza Aprili. Naomba nafasi ya kiongozi wa ubora wa hewa Mwanza, pamoja na fungu lake, viingizwe katika makadirio yanayofuata kuandaliwa; jina la atakayeteuliwa litangazwe kwenye mbao za matangazo za kata zote za Nyamagana, yaani wilaya ya Jiji, na Ilemela, pamoja na namba ya simu ya ofisi yake; na kipimo cha kwanza cha chembe laini kitolewe kwa wananchi kabla kiangazi kinachofuata hakijaanza mwezi Juni, kwa sababu ndipo moshi unapokuwa mwingi zaidi. Niko tayari, pamoja na wastaafu wenzangu wa idara ya afya tuliobaki mjini hapa, kutembea na timu hiyo mitaani kuandaa orodha ya vyanzo bila malipo. Nitashukuru kupata majibu yenu kwa maandishi, nayo nitayabandika hadharani kama nilivyoiweka barua hii.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa afya mstaafu,
Buswelu, Ilemela, Mwanza